Sahani ya Kombe

Ni sahani nyeupe ya kaure, ina mstari mwembamba wa buluu ukingoni, na mahali pamoja pamemeguka kipande kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Niliitoa kwenye kabati la vyombo la marehemu mama, Ijumaa moja mchana, kwa sababu mwalimu wangu wa kwenye video alisema rangi za maji zichanganywe juu ya kitu cheupe kisichonyonya, na mfuniko wa ndoo ya plastiki niliokuwa nikiutumia ulikuwa unayafanya maji yajikusanye vitone vitone kama jasho la kwenye paji la uso. Nikaiweka mezani uani, nikaminya rangi tatu pembeni mwake, nikachovya brashi, nikavuta manjano hadi katikati. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuswali, ushungi bado kichwani. Akaja akasimama nyuma yangu. Aliitazama sahani, akaitazama ile manjano iliyokuwa ikitambaa polepole ndani ya maji, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuingilia yasiyomhusu: "Mwanangu, nani anaumwa?"

Sikumwelewa. Nikamwambia hakuna anayeumwa, shangazi, ninachora tu. "Kwa maji?" Nikasema ndiyo, kwa maji. "Basi yupo anayeumwa," akasema, akaenda zake jikoni. Ilinichukua muda, brashi ikinidondokea kwenye suruali, kukumbuka sahani ile ilikuwa ya nini. Ndiyo sahani ya kombe. Nilipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, homa ilinilaza siku nne, na mama, baada ya kunipa dawa za zahanati na kuona hazimtulizi yeye mwenyewe, alimwita mwalimu wa madrasa. Mwalimu alikoroga zafarani kwa marashi ya mawaridi ndani ya kikombe cha kahawa, akachonga kijiti, akaandika aya mduara kwa mduara juu ya ile sahani mpaka weupe ukabaki vijia vyembamba tu kati ya mstari na mstari. Kisha akamimina maji. Nilikuwa nimelala ubavu, macho yangu yakiwa usawa wa mkeka, nikaziona herufi zikilegea, zikiachia mikia, zikiingiana, hadi sahani nzima ikawa bwawa dogo la rangi ya jua la alasiri. Nikanywa. Wapo masheikh wanaolipinga kombe na wapo wanaolitetea, na sina elimu ya kuamua kati yao. Ninachoweza kukitolea ushahidi ni kwamba mara ya kwanza kuitazama rangi ikifanya kazi ndani ya maji nilikuwa mgonjwa, na kazi ile haikumalizikia kwenye sahani.

Nina miaka hamsini na miwili na ni mhasibu. Daktari anayenitazama presha aliniambia nitafute shughuli ya jioni isiyo na namba, na bila shaka alitarajia nitembee ufukweni Raskazone kama watu wengine wa rika langu hapa Tanga. Nilichagua rangi za maji kwa sababu isiyo na heshima: niliona ni rahisi. Watoto wa chekechea wanazo. Kibati cha rangi kumi na mbili, brashi moja ya manyoya ya plastiki, kopo la maji, umekwisha kuwa mchoraji. Wiki ya kwanza nilitumia karatasi za kompyuta kutoka ofisini, zikajikunja kama majani ya mgomba yaliyopitiwa na moto. Wiki ya pili nikanunua manila kwenye duka la vifaa vya shule, rangi ikazama ndani na kufa humo humo. Ndipo nikajua kwamba iko karatasi ya pamba tupu, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ambayo ukipiga hesabu ya nauli na ya mpwa wangu aliyeibeba kutoka Nairobi, jani moja linafika bei ya kilo moja na nusu ya nyama. Ninalikata vipande vinane. Kila kipande nikikiharibu, najua ni nyama kiasi gani nimeitupa.

Na huharibika hasa kwa tabia ya kazi yangu. Katika uhasibu nafasi tupu ni hatari. Ukiandika hundi, unapiga mstari baada ya neno la mwisho ili asije mtu akaongeza sifuri. Hati ya malipo isiyojazwa hadi chini ni mlango ulioachwa wazi usiku. Miaka ishirini na tano nimelipwa mshahara kwa kuziba matundu. Sasa hapa, kwenye rangi za maji, nyeupe haimo kwenye kibati, au ikiwamo wakongwe wanakwambia usiiguse. Weupe wa tanga la ngalawa, weupe wa povu, kipande cha mwanga kwenye bega la mvuvi, vyote ni karatasi yenyewe, mahali ambapo brashi haikupita. Huwezi kuuongeza mwanga mwishoni kama chumvi. Lazima uwe umeshajua, kabla hujalowesha chochote, ni wapi hutagusa, na mkono wangu haujui kutogusa. Unafika kwenye tanga, unaliona jeupe, unasikia lile sauti la mkaguzi kichwani likiuliza hapa mbona hapajajazwa, na kabla sijajizuia nimeshalipaka kijivu. Tanga langu la kwanza lililosalimika lilisalimika kwa sababu simu iliita.

Waliotuachia methali walisema maji yakimwagika hayazoleki, na sikuwahi kuitilia shaka mpaka nilipoanza kumwaga maji kila jioni kwa makusudi. Yanazoleka. Si yote, na si kwa muda mrefu, lakini yanazoleka. Karatasi ikilowa hung'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mng'aro ule ukiwapo, rangi uliyoidondosha bado haijaamua. Unaweza kuifuata na brashi iliyokamuliwa au kipande cha karatasi ya chooni ukainyonya, na pale mahali pakarudi karibu na weupe wake. Mng'aro ukififia ukawa kama ngozi ya mtu aliyemaliza kuoga na kujifuta, una nusu dakika ya hatari, kila ukigusapo unaacha kovu. Baada ya hapo ndipo methali inaposhika sukani, na hata hapo inategemea ni rangi gani. Buluu ya Prussia, ambayo ilizuka kwa bahati huko Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 mtu alipokuwa akitafuta nyekundu, ikishakauka imekauka. Sugua utakavyo, utatoboa karatasi kwanza. Buluu ile nyingine, ya ultramarini, inakaa juu juu kama mgeni ambaye hajafungua begi, na hata kesho ukiilowesha itanyanyuka. Nimekaa nikifikiria maneno niliyowahi kuwaambia watu, ambayo niliyaacha kwa sababu nilifundishwa utotoni kwamba hayazoleki. Mengine pengine yalikuwa bado yaking'aa.

Kipimo hicho cha muda hubadilika na mahali. Nilikwenda Dodoma kikazi mwezi wa Agosti, nikabeba kibati changu, na jioni hotelini nikajaribu kuchora mawe makubwa ya pale mjini. Rangi ilikauka nikiwa bado sijafika nayo ukingoni. Kila mpigo ulisimama peke yake, na mbingu yangu ikawa na mistari kama shuka la hospitali. Hapa Tanga, wakati wa masika, mambo ni kinyume. Hewa yenyewe imelowa, nguo zinakaa kambani siku mbili zikinuka, na mbingu niliyoipaka baada ya chakula cha mchana bado ni mbichi nikirudi kutoka kwa kinyozi. Unajifunza kusubiri kwa namna ambayo hakuna mtu aliyekuwa amekuomba ujifunze. Wenzangu wa kwenye video, walio Ulaya, hutumia kifaa cha kukaushia nywele. Mimi naweka feni, nakwenda kusalimia majirani.

Kuna kosa moja ambalo nimelifanya mara nyingi kiasi kwamba nimelipenda. Unapoweka tone la maji juu ya rangi iliyokauka nusu, maji yanaisukuma rangi nje, na inapokauka linabaki umbo kama ua, kingo zake zikiwa na meno meno na weusi kuliko ndani. Sababu yake iko kwenye baraza lolote la kahawa. Tazama doa linaloachwa na kikombe: katikati limefifia, ukingoni limekolea kama limechorwa kwa kalamu. Mwaka 1997 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwa nini. Ukingo wa tone umenasa pale uliposhika na haurudi nyuma, maji huvukizwa kwa kasi zaidi ukingoni kuliko katikati, kwa hiyo ya katikati hukimbilia nje kuziba pengo, yakibeba chembe zote na kuziacha pale mpakani. Wazee wanaocheza bao pale Ngamiani wameukalia ushahidi huo maisha yao yote. Na nikienda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, naona kitu kile kile kwa ukubwa wake: mstari wa majani ya baharini, vifuu, ndala isiyo na mwenzake, povu lililokauka, ukionyesha hadi wapi bamvua ilifika. Mstari wa juzi uko juu ya mstari wa leo. Bahari nayo huchora kwa kuondoka.

Lakini nilikuwa nasema juu ya rangi, na hapo ndipo shangazi anaporudi. Nilitaka kumchora mkono. Siyo uso, uso asingekubali, ila mkono wake wa kuume ukichambua mchele kwenye ungo, kwa sababu una hina iliyobaki kwenye kucha tu na mishipa iliyosimama kama mizizi ya mkoko. Nikaanza kwa kutafuta rangi ya ngozi. Nilipotazama vibati vya wazungu nikakuta rangi inayoitwa ya mwili, yaani ya pinki, ambayo labda ni mwili wa mtu aliyekaa friji. Nikageukia lugha yangu, nikagundua jambo ambalo nimelisema maisha yangu yote bila kulisikia. Kiswahili kina rangi tatu zinazovaa viambishi kama watu wa nyumbani: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Zilizobaki karibu zote ni vitu vilivyoazimwa: kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda lenyewe, manjano ni ya kupikia, chungwa, waridi, ugoro. Damu ya mzee, ambayo ukiisikia ukiwa mtoto inakufanya umtazame babu kwa wasiwasi. Na kwa ngozi kama ya shangazi tunasema maji ya kunde. Hatukusema kunde, tulisema maji yake: mtu fulani mrefu hivi, maji ya kunde. Kumbe kabla hata sijanunua kibati, lugha ilikwisha kumwelezea shangazi kwa rangi ya maji, kitu chenye kina, kinachopitisha mwanga, ambacho ukiongeza kidogo kinakuwa kitu kingine.

Nikamwuliza maji ya kunde ni rangi gani hasa. Aliacha kuchambua akanitazama kama nimeuliza upande jua linapotokea. "Kunde zipi? Nyekundu au nyeupe? Maji ya kwanza au ya pili?" Sikuwa na jibu. Akapika kunde nyekundu jioni ile, nadhani kwa kunihurumia, akanitolea nusu kikombe cha maji ya kwanza na nusu ya maji ya pili. Ya kwanza yalikuwa na wekundu uliojificha, kama chai ya rangi iliyolala. Ya pili yalikuwa mazito, yenye ukungu, yakielekea kwenye udongo. Nikachovya brashi humo humo, nikapaka kwenye kipande cha pamba. Yalipolowa yalikuwa mkono wake kabisa. Yalipokauka yakabaki doa la kijivu lenye uzambarau kwa mbali, baada ya wiki mbili likawa kama mtu amemwagia chai, na lilinuka kidogo. Nikaona kwa nini watu walihangaika kutafuta mawe na madini.

Kwa hiyo nikarudi kwenye kibati, na sasa ninamchanganya shangazi kwa udongo na bahari. Udongo ni ile rangi ya Siena, mji wa Italia, ambao udongo wao wa manjano una chuma ndani yake, ukichomwa unageuka mwekundu kama matofali, na ndio udongo ule ule unaochafua matairi ya mabasi yanayotoka Handeni. Bahari ni ultramarini. Jina hilo maana yake ng'ambo ya bahari, kwa sababu zamani buluu hiyo ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na Ulaya ilifika kwa kuvuka maji. Ilikuwa ghali kiasi kwamba mwaka 1824 chama kimoja cha kuendeleza viwanda cha Ufaransa kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeweza kuitengeneza, na mwaka 1828 ikachukuliwa na Jean-Baptiste Guimet, ambaye aliipika tanuruni. Ukiweka udongo na bahari kwenye sahani moja, ukaongeza maji mengi, hazifungamani. Zinatembea pamoja lakini kila moja inajijua. Juu ya karatasi yenye mikwaruzo, chembe za buluu hutua ndani ya vibonde, na udongo hubaki umetandazwa juu, hivyo ukitazama kwa karibu ngozi ya mkono huo ni madoa elfu ya rangi mbili, na ukirudi nyuma hatua mbili ni shangazi.

Kinachozishika chembe zote hizo zisipeperuke ni sumughu, gundi ya mti wa jamii ya mgunga. Sehemu kubwa ya sumughu ya dunia hutoka Sudan, hasa Kordofan, ambako watu hukwangua gome na kusubiri wiki kadhaa mti utoe machozi yake na kuyakausha. Ile ile iliyokuwamo kwenye wino wa waandishi wa zamani, ikikorogwa na masizi, ndiyo iliyomo kwenye kibati changu, na imo hata kwenye soda. Tangu Aprili 2023 Sudan iko vitani, na sijui niseme nini juu ya hilo nikiwa nimekaa uani na brashi. Nalitaja kwa sababu linanijia kila nikilowesha rangi na kuona ule utelezi wake, ule unaoifanya iteleze kwenye karatasi. Watengenezaji wengine huongeza asali ili rangi isikauke na kupasuka. Mimi sikulijua hilo mpaka asubuhi moja nilipofungua kibati na kukuta sisimizi wamejipanga kuanzia mguu wa meza hadi kwenye nyekundu. Walikuwa wanaila. Nimeangalia sana ukutani siku zile kama nitaona njia nyekundu ikielekea kwenye tundu lao, sikuona, lakini tangu hapo kibati hulala ndani ya bakuli la maji kama sufuria ya maziwa.

Jirani yangu mmoja ni fundi wa kuandika mabango. Anachora samaki kwenye vibanda vya samaki, simba kwenye magari, na kwenye kibanda cha kinyozi uso unaofanana na mchezaji wa mpira ambaye hajawahi kunyolewa pale. Alikuja kutazama kazi yangu, akaishika karatasi dhidi ya mwanga, akacheka. "Bosi, rangi isiyofunika ni rangi gani?" Kwake yeye rangi ni kufunika. Kosa la jana unalipiga mkono mwingine, bango la duka lililofungwa linageuka bango la duka jipya. Ndio utaratibu wa Edward Saidi Tingatinga pia, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya mbao laini za dari: rangi nzito, inayong'aa, isiyokubali kuulizwa chini yake kuna nini. Namwonea wivu fundi. Kazi zangu zinaonyesha kila kitu, hadi mstari wa penseli wa nia yangu ya kwanza ambayo sikuweza kuitimiza. Mtu akitazama mkono wa shangazi anaweza kuhesabu nilisita mara ngapi.

Na haitadumu, jambo ambalo bango lake pengine litalishinda. Rangi za maji ni tabaka jembamba, na mwanga unazila. Mwingereza Turner alichora kwa rangi hizi maelfu ya kazi kabla hajafa mwaka 1851. Mkusanyaji mmoja, Henry Vaughan, aliacha wasia kwamba kazi 38 za Turner alizokuwa nazo zipewe jumba la sanaa la Edinburgh, kwa sharti kwamba zionyeshwe mwezi Januari tu, wakati jua la Scotland ni hafifu. Wamelishika sharti hilo tangu 1900. Nilipoisoma habari hiyo ilikuwa Januari, kaskazi imepamba moto, bati la jikoni linalia kwa kutanuka, na jua la saa saba limesimama juu ya Tanga kama mdai. Hapa hatuna mwezi wa kumwonyesha Turner. Picha ya harusi ya mama na baba, iliyokaa sebuleni ikitazamana na dirisha, imebaki na buluu tu. Koti la baba, shada la maua na midomo ya wasimamizi vyote vimekwenda na jua. Wanawake wa mji huu wana maneno yao kwa mambo haya, na ni sahihi kuliko ya kwenye vitabu vyangu. Khanga inaweza kuchuja, yaani kuiachia rangi yake majini ikazipaka nguo nyingine. Inaweza kupauka, yaani kunyang'anywa na jua. Wanaijaribu kwa kulowesha ncha kabla ya kununua. Khanga inayochuja ni fedheha. Kibati changu kizima ni kitu cha kuchuja.

Ninalo boksi la viatu chini ya kitanda, lina vipande mia moja na kumi na sita. Nimevihesabu, ndiyo, daktari atanisamehe. Hakuna anayevihitaji. Binti yangu alichukua kimoja, cha ngalawa, akakiweka kwenye kava la simu yake, kikalowa jasho kikawa doa. Aliponionyesha alikuwa anaogopa nitaudhika. Nilikuwa nakitazama kwa hamu, kwa sababu buluu ilikuwa imekimbilia ukingoni na kuchora bamvua ndogo kuzunguka kamera. Mtu akiniuliza vya nini, sina jibu la maana. Sichori ili niuze, na kuitwa msanii kungenifanya nicheke. Ila najua ile nusu saa, jua likiwa limeinamia nyuma ya Usambara na karatasi ikiwa bado inang'aa, ndiyo muda pekee wa siku ambao sijui kitakachotokea na sina haja ya kukiandalia taarifa. Yule mwalimu wa madrasa alitumia karibu saa nzima kuandika kitu ambacho alijua atakifuta yeye mwenyewe kwa mkono wake, mbele ya macho yangu, kwa maji ya mtungi. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Mikia ya herufi zake ilipinda kama shingo za korongo. Hakuna hata mmoja aliyesema hebu ngoja kwanza, hii tuitunze.

Shangazi ameniachia sahani, kwa masharti. Isitumike kwa chakula, hilo nililijua. Na maji yake yasimwagwe chooni wala njiani panapokanyagwa. Nilimwambia hayo si maji ya kombe, shangazi, ni maji ya kusuuzia brashi, yamejaa udongo wa Italia. "Sahani haijui," akasema. Basi kila jioni nayamwaga kwenye shina la mstafeli. Kwenye kopo yanakuwa ya rangi moja siku zote, haijalishi nilichora bahari au mchicha: rangi zote zikikutana zinakwenda kule kule, kwenye maji ya kunde, ya pili. Kisha naiosha sahani chini ya bomba. Manjano inatoka, buluu inatoka, kaure inarudi nyeupe kiasi cha kuonyesha kivuli cha vidole vyangu. Pale palipomeguka tu, ambapo kaure haina ngozi na imenyonya, kuna umanjano ambao hautoki kwa sabuni wala kwa ukucha. Juzi niliiinua hadi kwenye taa nikautazama. Nikanusa. Shangazi, aliyekuwa anapita na birika, aliuliza kama bado inanukia marashi. Nikamwambia sina hakika. Pua yangu imejaa hewa ya mvua. Akaiweka birika chini, akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaisogeza puani.